Distroya kwa Kiswahili: mwongozo kwa wanaotafsiri muvi, habari na mpira

Hili swali haliishi. Vijana wanaoanza kuingiza sauti kwenye muvi hapa Mwanza wanauliza, wanaoandika habari kwenye kurasa zao wanauliza, na juzijuzi hadi mtangazaji wa mpira kauliza, "kaka, distroya kwa Kiswahili tunasemaje?" Ni lile neno la Kiingereza "destroyer", ambalo linaweza kuwa aina ya meli ya vita au mtu anayeharibu. Wengi wanataka neno moja tu wamalize kazi. Wanapewa "mharibifu", wanaenda nalo, alafu kibanda umiza kizima (ukumbi mdogo wa mtaani wa kuonyesha muvi) kule Igoma kinasikia "mharibifu amezama na watu wake wote" na watu wanaanza kuulizana ni jambazi gani huyo kazama na mbona hawajamuona tangu muvi ianze.

Neno moja halipo, wala usihangaike kulitafuta. Kuna namna ya kuchagua, na ukiizoea inakuchukua sekunde chache tu. Nimeiweka kwa hatua ili nikiulizwa tena niwe nakutumia hii.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Sentensi nzima ya Kiingereza, sio neno peke yake. Ukiniletea "destroyer" tupu bila sentensi siwezi kukusaidia, na hamna atakayeweza.
- Kama ni muvi, picha ya pale linapotajwa. Mara nyingi picha inajibu swali kabla ya kamusi.
- Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili. Ya TUKI inatosha kabisa, hata nakala iliyochakaa ya mtaani poa tu.
- Intaneti kidogo ya kucheki jina la meli, kama meli imetajwa kwa jina.
- Mtu wa kumsomea kwa sauti, ambaye hajaiona hiyo muvi wala hiyo habari.

Hatua ya 1: Jua kwanza ni chombo, ni mtu, au ni kitu kingine

Angalia linafanya nini kwenye sentensi. Kama linang'oa nanga, linasindikiza meli zingine, lina kapteni na mabaharia, au mbele ya jina kuna herufi kama USS (meli ya jeshi la Marekani) au HMS (ya Uingereza), hiyo ni meli, nenda hatua ya 2. Kama linachukiwa, linapendwa, linakamatwa au linaombewa, huyo ni mtu au roho, ruka hadi hatua ya 5. Kama linakaba na kupokonya mipira katikati ya uwanja nenda hatua ya 6 moja kwa moja.

Najua hii inaonekana ya kitoto ila makosa mengi ninayoyasikia yanaanzia hapahapa, mtu kaona neno kakimbilia kamusi, kachukua maana ya kwanza, kaondoka.

Hatua ya 2: Ikiwa ni meli, shika "manowari"

Manowari ni neno letu la siku nyingi la meli ya vita. Lilitoka kwenye Kiingereza cha mabaharia wa zamani, man-of-war, watu wa pwani wakalisikia wakalifanya la kwao, na leo lina uraia kamili. Huku ziwani halisikiki sana maana sisi tumezoea meli za abiria, kivuko cha Kamanga na boti za doria, ila msikilizaji akilisikia mara mbili analishika.

Sasa hapa kuna mitego mitatu.

Wa kwanza: manowari sio wingi wa "nowari". Hiyo "ma" imezaliwa nayo. Ikiwa moja unasema manowari imezama, zikiwa tano unasema manowari zimezama. Ukisema "manowari yamezama" au "nowari moja" umeharibu.

Wa pili: "manowari ya kivita" ni kurudia, kwa sababu manowari tayari ni ya vita. Wanaosema wapo wengi na hata kwenye taarifa za habari utalikuta. Kwenye sauti inapita, mi sigombani nayo, ila kwenye maandishi andika manowari tu, au meli ya kivita tu, chagua moja.

Wa tatu ndio mkubwa, kutafsiri jina la aina ya meli kwa maana ya ndani ya neno. Kidogo tu nikueleze. Miaka ya 1870 na 1880 zilikuja boti ndogo zenye mbio sana zilizobeba topido (makombora yanayopita ndani ya maji), na manowari kubwa za bei mbaya zikaanza kuziogopa. Zikatengenezwa meli za kuzikimbiza na kuzimaliza hizo boti, zikaitwa waangamizaji wa boti za topido, HMS Havock ya Uingereza ya mwaka 1893 ikiwa mojawapo ya zile za mwanzo kabisa. Baadaye jina likafupishwa, hizo "boti za topido" zikadondoka, likabaki la kuangamiza peke yake. Kwa hiyo meli haikuitwa hivyo eti kwa sababu inaharibu kuliko wenzake, ilikuwa na kazi maalumu ya kulinda wakubwa. Ukiiita "mharibifu" au "meli haribifu" unampa msikilizaji picha ambayo hata wenye meli hawakuwa nayo.

Hatua ya 3: Cheki kama kweli ni distroya

Hapa wengi wanachemka, wanadhani kila meli yenye mizinga ni distroya. Hapana. Distroya ni aina moja tu ndani ya manowari. Kwa kawaida kruza ni kubwa kuliko distroya, frigeti ni ndogo kuliko distroya, na zile manowari kubwa za mizinga mizito za enzi za vita kuu zilikuwa juu ya wote. Siku hizi mipaka imechanganyikana, kuna distroya za sasa zinazopita kruza za zamani kwa uzito, ndio maana usikisie kwa macho, tafuta jina la meli.

Mifano ya kwetu na ya karibu na kwetu:

Jiwe la Bismarck tunalipita kila siku pale ziwani, limepewa jina la yule kansela wa Ujerumani. Ipo na meli iliyopewa jina lake hilohilo, ikazamishwa Atlantiki tarehe 27 Mei 1941. Ukikutana na filamu ya historia inayoihusu, Bismarck yenyewe ni manowari kubwa ya mizinga mizito, urefu kama mita 250. Distroya ni zile ndogo za Waingereza na moja ya Wapolandi, Piorun, zilizoizengea usiku ule wa mwisho. Nimesikia sauti ya muvi ikiita zote distroya, sasa mtazamaji atajuaje nani anamkimbiza nani?

Königsberg ya Wajerumani, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914 alafu ikaishia kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, ilikuwa kruza. Pegasus nayo kruza. Ziite manowari na utakuwa salama, distroya hapana.

Na ziwa letu hili pia liliona vita ile ya kwanza ya dunia, Mwanza yenyewe ikachukuliwa na Waingereza toka kwa Wajerumani Julai 1916. Ila vyombo vilivyotumika humu vilikuwa stima za abiria na mizigo kama Winifred na Nyanza zilizofungwa mizinga. Hizo sema "meli zilizofungwa mizinga", inatosha na ni kweli.

Mwaka 1982 kwenye vita vya Falklands kuna mbili zinachanganywa sana. General Belgrano ya Argentina ilikuwa kruza, ilizamishwa na nyambizi tarehe 2 Mei. Sheffield ya Uingereza ndio distroya, ilipigwa kombora tarehe 4 Mei ikazama siku chache baadaye.

Kama msikilizaji wako ni wa huku na unataka apate picha ya ukubwa, mpe kitu anachokijua. MV Mwanza ina urefu wa mita 92 na ushee. Havock ile ya 1893 ilikuwa mita 55 hivi, ingeonekana mdogo wake. Distroya za Marekani za siku hizi za aina ya Arleigh Burke zina mita kama 155 na watu zaidi ya 300 ndani. Kwenye muvi huna muda wa kusema hayo, lakini kwenye makala sentensi moja ya namna hii inasaidia kuliko tani elfu ngapi ambazo hamna anayezielewa.

Hatua ya 4: Panga sentensi ya meli

Mara ya kwanza kutaja, taja kamili: *manowari aina ya distroya*. Mara ya pili na kuendelea: *manowari hiyo*, au *meli hiyo* ukichoka. Usirudie distroya distroya kila mstari.

Mfano wa habari: "Manowari ya Marekani aina ya distroya, USS Cole, ililipuliwa ikiwa bandarini Aden, Yemen, tarehe 12 Oktoba 2000. Mabaharia 17 wa manowari hiyo walikufa."

Mfano mwingine wa karibu na pwani yetu: "Aprili 2009 maharamia wa Kisomali waliiteka Maersk Alabama iliyokuwa inaelekea Mombasa, na manowari ya Marekani USS Bainbridge ikatumwa kumwokoa kapteni." Hapa sijaandika kabisa distroya na hamna kilichopungua. Bainbridge ni distroya kweli, ila msomaji wa habari hii anamtaka kapteni, aina ya meli ataitafuta siku nyingine.

Jina la meli usilitafsiri, Pegasus ibaki Pegasus.

Na angalia ngeli usije ukaanza na meli ukamaliza na mtu: "distroya ile ameondoka". Ni *imeondoka*. Kosa hili linakuja pale kichwani ulipoanza na "mwangamizi" alafu ukabadili neno ukasahau kubadili kitenzi.

Hatua ya 5: Ikiwa ni mtu au kitu, uliza kimeharibu nini na kwa kiasi gani

Hapa ndio penye utamu. Kiingereza kina neno moja linabeba kila aina ya uharibifu, sisi tunayo mengi na kila moja lina uzito wake. Usianze na nomino, anza na kitenzi: huyu alifanyaje? Ukipata kitenzi, mtu wake unaye.

*Aliharibu*, basi ni mharibifu. Hili ni la tabia, mtu au mdudu ambaye ndio kawaida yake. Wadudu waharibifu wa pamba, mharibifu wa mazingira, mharibifu wa mazalia ya samaki kama wale wanaovuta kokoro. Kama ni tukio la mara moja usimwite mharibifu, sema "aliyeharibu". Mtoto akivunja kioo cha jirani leo, ni aliyevunja kioo, akivunja kila wiki ndio tuongee.

*Aliangamiza*, ni mwangamizi. Hili ni zito. Limetoka kwenye kuangamia, yaani kupotea kabisa asibaki mtu. Tunasema silaha za maangamizi, tunasema maangamizi ya Wayahudi. Litunze kwa vitu vya kiwango hicho. Muvi ya mapenzi, dada anamwambia ex wake wewe ni destroyer, we unaweka "wewe ni mwangamizi", kwani kaua kijiji? Mwache aseme "umeniharibia maisha", imeisha.

*Alibomoa*, mbomoaji, kwa majengo, na pia ndoa na chama, tunasema kabisa fulani anabomoa ndoa ya watu. *Aliteketeza*, mteketezaji, lazima moto uwepo au uhisiwe. *Alivuruga*, mvurugaji, kwa mipango, mikutano, amani ya nyumba. *Alihujumu*, mhujumu, anaharibu kwa siri huku anacheka na nyie, na kwa Mtanzania wa umri fulani hilo neno lina historia, ile kamatakamata ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983 enzi za Waziri Mkuu Sokoine, kwa hiyo ukilitumia ujue wazee watasikia zaidi ya ulichoandika.

Fisadi nalo limo kwenye ukoo huu. Zamani lilikuwa la mtu mharibifu, mpotoshaji, hasa anayeharibu mabinti na nyumba za watu. Siku hizi ukilisema mtu anaona hela za umma na mikataba. Kwenye muvi ya zamani linaweza kukaa vizuri sana, kwenye muvi ya leo litakupeleka bungeni bila kupenda.

Na kwa mambo madogo madogo ya mtaani usitumie lolote kati ya hayo. Anayekuja kwenye sherehe akaleta ugomvi ni *mzinguaji*, au *kachafua hali ya hewa*, au *katibua*. Kiingereza kinaweza kumwita destroyer kwa utani, Kiswahili cha mtaani kwetu Mlango Mmoja hakina haja hiyo.

Kwa vitu visivyo watu, shika upatanisho: mdudu mharibifu, wadudu waharibifu, gugu haribifu, magugu maharibifu. Mfano tunao hapo ziwani, gugu maji lililoingia mwishoni mwa miaka ya 1980. Na sangara, aliyepandikizwa humu kuanzia miaka ya 1950, akamaliza aina nyingi za furu, wale samaki wadogo wa asili wa humu. Wageni wakiandika juu yake wanamwita destroyer wa ziwa. We unaweza kuandika "samaki aliyewamaliza furu" na inakaa vizuri kuliko jina lolote, tena hujamtukana samaki anayelisha nusu ya Kirumba hapa Mwanza.

Tahadhari ya hatua hii: "kuharibu" likimhusu binti au mimba lina maana yake ya pembeni ambayo kila mtu anaijua. "Alimharibu yule msichana" haimaanishi alimharibia biashara. Kama ulimaanisha biashara, itaje hiyo biashara.

Hatua ya 6: Kesi maalumu

*Vifaru.* Muvi za vita zina gari linaloitwa tank destroyer. Kifaru kwa Kiswahili ni kile chombo cha vita na ni yule mnyama pia, sasa ukisema "mwangamizi wa vifaru" umemleta jangili wa Serengeti katikati ya vita vya dunia, na "mwinda vifaru" ndio kabisa unaita askari wa wanyamapori. Sema "gari la deraya la kulipulia vifaru vya adui". Refu, najua, ila mara ya pili unasema "gari lile".

*Ndege.* Wajerumani kwenye vita vya pili waliita distroya hata aina fulani ya ndege za kivita zenye injini mbili. Ukiona distroya inaruka usishtuke, andika "ndege ya kivita" uendelee.

*Mpira.* Kiungo anayeitwa destroyer ni kiungo mkabaji. Ukitaka mashabiki wa Kirumba wapige kelele sema mkata umeme. Ukisema "kiungo mharibifu" watadhani anaharibia timu yake mwenyewe, ambapo kwa baadhi ya viungo ni sawa pia.

*Dini.* Hapa usibuni kitu. Kwenye Biblia ya Kiswahili ya Union, 1 Wakorintho 10:10 ina neno *mharabu*, kama muvi inanukuu mstari huo chukua hilohilo maana watazamaji wa kanisani wanalijua. Apolioni wa Ufunuo 9:11 jina lake lina maana ya mwangamizi. Na Shiva wa Wahindu, ambaye anatajwa pamoja na Brahma muumba na Vishnu mlinzi, mwite mwangamizi, kamwe usimwite mharibifu, kwa waumini wake kuangamiza kwake ndio njia ya mambo kuanza upya na hapa mjini tunaishi nao. Yale maneno ya mwanasayansi Oppenheimer kuhusu bomu la kwanza la nyuklia la Julai 1945, aliyoyatoa kwenye Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, nayo yanataka mwangamizi: "mwangamizi wa ulimwengu".

*Majina ya utani.* Bondia au mwanamieleka anayejiita Destroyer mwache na jina lake, mtangaze kama alivyo.

Hatua ya 7: Soma kwa sauti, mdomo ukiwa kwenye picha

Kwa wa muvi tu. Manowari ina silabi nne, distroya tatu ukiitamka haraka, zote zinaingia kwenye mdomo wa mzungu bila shida. "Manowari aina ya distroya" haiingii. Kwa hiyo maelezo kamili yaweke kwenye sauti ya msimulizi au pale kamera iko baharini hamna anayeongea, alafu wahusika wakianza kubishana wape "manowari" peke yake. Msomee yule mtu wako. Akikuuliza "nani kazama?" rudi hatua ya 2.

Ukikwama

*Programu ya simu inang'ang'ania "mharibifu" kila mahali.* Inatafsiri neno bila kuona picha. Iandikie jina la meli au neno "navy" kwenye sentensi ujaribu tena, na bado jibu lake lipitishe hatua ya 1.

*Watazamaji hawalijui neno manowari.* Watoto wengi hawalijui. Mara ya kwanza sema "manowari, meli ya vita", mara zinazofuata manowari tu. Kama kibanda chako ni cha watoto watupu, nenda na meli ya vita mwanzo mwisho, hamna atakayekudai.

*Mteja anasema manowari ni la kizee, anataka distroya.* Mpe distroya, hela ni yake, ila hakikisha vitenzi ni vya chombo: distroya imefika, distroya zimefika.

*Kuna manowari aina tatu kwenye tukio moja na zote zinaongeleshana kwa redio.* Hapo ndio unahitaji frigeti, kruza na distroya kwa majina yao. Au zitaje kwa majina ya meli, mi naona hii ni rahisi zaidi kwa msikilizaji.

*Mhusika anacheza na maana zote mbili, mfano kapteni wa distroya anaambiwa yeye ndio destroyer wa familia yake.* Huo mchezo wa maneno hauvuki. Chagua kinachouma kwenye lile tukio, mara nyingi ni familia, useme "umezoea kuzamisha, hadi nyumba yako umeizamisha". Kama ni sabtaito na mteja anataka ufuate neno kwa neno, mwambie kabla ya kupokea advansi sio baada.

*Hujui hata kama ni meli au mtu, sentensi ni fupi na picha ni giza.* Sogeza muvi mbele dakika mbili tatu. Kama ni meli, maji yataonekana.